Wacheni Kusema "Plastiki ni Plastiki"

Leo hakuna video. Nimeamua kuandika, kwa sababu nikiwa na hasira huwa napiga kelele, na kuta za ploti yetu ni nyembamba, na jirani ana mtoto mchanga.

Hasira imetoka wapi? Wiki jana niliposti video ya sekunde 50 nikionyesha majuala mawili. Moja ukilikunja linalia kachakacha. Lingine linanyamaza, na ukilivuta linanyooka tu kama ulimi wa kinyonga. Nikasema tofauti yao ni matawi. Basi, sikusema zaidi. Komenti iliyopata laiki nyingi kuliko video yenyewe ilikuwa hii: "Buda, chuo ulikitoroka, sasa unatufunza kemia ya nini? Plastiki ni plastiki. Watu wa Kware tunataka maji."

Kuhusu chuo, nitafika huko. Kuhusu maji uko sawa asilimia mia, hata mimi leo asubuhi nilikuwa kwenye laini. Lakini hebu angalia ulichokuwa umeshika mkononi ukiwa kwenye hiyo laini. Mtungi. Lita 20, yaani kilo 20 zikijaa, unaupandisha ngazi mpaka orofa ya tano kwa mkono mmoja, unauangusha, hauvunjiki, mwaka wa sita huu. Kisha angalia pakiti laini ya maziwa uliyonunua dukani ukirudi. Ukiipasua kwa meno inakubali.

Mtungi na hiyo pakiti ni kitu kimoja. Zote mbili ni polietilini. Kaboni na haidrojeni, hakuna kingine cha maana. Ni minyororo mirefu sana iliyoungwa kutoka kwa gesi moja, etilini. Kinachotofautisha ni umbo la huo mnyororo. Kwenye mtungi minyororo imenyooka, kwa hivyo inalala pamoja kama njiti ndani ya kiberiti, imebanana, ngumu. Kwenye pakiti laini minyororo ina matawi, mengine mafupi, mengine marefu. Jaribu kufunga mzigo wa kuni za mti wa miba uone. Zinaachana, kuna nafasi kila mahali. Ndiyo maana ni laini, ni nyepesi kidogo, na inayeyuka mapema, karibu nyuzi 110, wakati mtungi unangoja mpaka karibu 130.

Kwa hivyo ukiniambia plastiki ni plastiki, ni kama kuniambia Pipeline na Imara Daima ni sawa kwa sababu zote zina nyumba.

Na kuna mtu hapa mtaani anayejua hii tofauti kuliko mimi na wewe. Kuna shosh mmoja ana mizani si mbali na shimo. Wale si wa huku, Kware ni jina la hilo shimo, palipokuwa pakichimbwa mawe. Mawe yakaenda kujenga mji, sisi tukabaki na shimo, mji ukaanza kulijaza takataka zake. Julai 2024 jina letu lilisomwa kwenye habari za dunia kwa sababu ya miili iliyotolewa humo ikiwa ndani ya magunia. Sitaongeza neno hapo. Sitafuti watazamaji kwa vifo vya watu. Ninachosema ni kwamba watu wengi walijua Kware siku hiyo kwa mara ya kwanza, na Shosh alikuwa hapo miaka yote akipima kilo.

Nilikaa naye siku tatu kabla ya kutengeneza hiyo video. Kijana analeta gunia, Shosh anamwaga chini, anaanza. Anachukua karatasi, anaikunja karibu na sikio. "Hii inaongea, weka kule. Hii imenyamaza, weka hapa." Hatazami rangi. Akiwa na shaka na kipande kigumu, anakitupa kwenye beseni la maji. Kikielea kinaenda upande mmoja, kikizama upande mwingine. Chupa ya soda huzama, kifuniko chake huelea. Anajua hivyo bila mtu kumwambia kwamba chupa ni plastiki ya aina nyingine kabisa, nzito kuliko maji, na kwamba polietilini ni nyepesi kuliko maji.

Nikamuuliza, "Shosh, nani alikufunza?"

"Hasara, mwanangu. Ukichanganya, lori linakurudishia."

Na lori lina sababu. Chupa ya soda inahitaji nyuzi kama 250 ndiyo iyeyuke. Kwenye mashine iliyowekwa moto wa pakiti za maziwa, kipande chake kinabaki kama changarawe ndani ya uji. Hata laini na ngumu za polietilini zenyewe ukizichanganya ovyo, unapata kitu ambacho si mtungi na si pakiti, na mnunuzi atakulipa bei ya takataka. Shosh anatenganisha minyororo yenye matawi na minyororo iliyonyooka kwa sikio. Kule kwenye maabara kuna mashine za kufanya kazi hiyo. Na bado kijana anayemletea gunia mnamwita chokora, na mimi niliyeketi darasani karibu miaka mitatu mnaniita msomi aliyepotea. Mmegeuza mambo.

Sasa chuo. Sitakitaja. Niliingia kusoma kemia, nikatoka mwaka wa tatu. Sitaki kujifanya shujaa hapa. Karo ilikwisha, na kuna somo moja la hesabu za joto na nishati ambalo nilianguka mara mbili, na mara ya pili sikuwa hata na sababu ya kujitetea. Lakini kuna siku moja naikumbuka kuliko zote. Mhadhiri alikuwa anasoma slaidi: taja sifa nne za polima zenye matawi mengi. Sisi tunanakili. Nikainua mkono, nikauliza kama karatasi ya maziwa ni mojawapo. Darasa likacheka. Yeye akasema tuendelee, hiyo haiko kwenye mtihani. Nilikuwa na pakiti yenyewe kwenye begi! Sikuitoa. Niliaibika. Leo nikiwaza, kosa langu kubwa pale chuoni si kuanguka mtihani, ni kutoitoa hiyo pakiti.

Maana hadithi iliyokuwa nyuma ya hiyo slaidi ni tamu kuliko series yoyote mnayoangalia, na inawahusu.

Ilianza kwa bahati mbaya. Mwaka wa 1933, Reginald Gibson na Eric Fawcett, wafanyakazi wa kampuni ya ICI kule Winnington, Uingereza, walifungia etilini na kemikali nyingine ndani ya chombo cha chuma, kwa presha karibu mara 1,900 ya hewa tunayopumua. Walitaka vitu hivyo viwili viungane. Vikakataa. Walipofungua wakakuta unga mweupe kama nta. Hiyo ndiyo polietilini ya kwanza ya namna hiyo, na ilikuwa na matawi. Hakuna aliyeyapanga. Kwenye joto na presha ile, kichwa cha mnyororo unaokua kinakuwa na njaa kali, na mara nyingine kinajigeuza nyuma kama nyoka na kujiuma mgongoni. Pale kilipouma ndipo mnyororo unaendelea kukua, na kile kipande kilichoachwa kinabaki kuwa tawi fupi. Matawi ya aina hii yanaweza kufika 20 hivi au zaidi kwa kila kaboni 1,000. Ulaini wa pakiti yako ni alama za meno.

Miaka 20 baadaye, 1953, Karl Ziegler kule Mülheim, Ujerumani, akapata kichocheo kinachounganisha gesi ile ile kwa presha ndogo, tena mnyororo ukanyooka. Mtungi wako ni mjukuu wa huyo mzee. Alipata Nobel mwaka wa 1963 pamoja na Mwitaliano Giulio Natta.

Hapo sasa watu wakaanza kuuliza swali ambalo ndilo kiini cha hii posti yote: mbona tungoje bahati? Mbona tusiamue sisi wenyewe matawi yawe wapi, mangapi, marefu kiasi gani?

Paul Flory, Mmarekani, alionyesha kwa hesabu mwaka wa 1952 kwamba inawezekana. Fikiria watu ambao kila mmoja ana mkono mmoja wa kulia na miwili ya kushoto, na sheria ni moja: wa kulia unashika wa kushoto pekee. Kila anayejiunga anatumia mkono mmoja na kuleta nafasi mbili mpya. Kundi linapanuka kama mti, na halijifungi likawa donge moja lisiloyeyuka. Miaka ya themanini Donald Tomalia, akiwa kampuni ya Dow kule Marekani, akatengeneza matawi juu ya matawi kwa hatua, tabaka baada ya tabaka, kama vile fundi anaongeza orofa. Akaziita dendrima, kutoka kwa neno la Kigiriki la mti. Nzuri sana, safi sana, lakini kazi ya kuchosha, na ghali. Kila orofa uoshe, usafishe, uanze tena.

Njia ya kudhibiti kwa urahisi zaidi ilihitaji kwanza kutatua shida ya stage.

Nyinyi mnajua stage ya Pipeline saa kumi na mbili jioni ikinyesha. Gari likifika hakuna foleni. Watu wanarukia mlango, gari moja linajaa mpaka wengine wananing'inia, lingine linaondoka nusu, magari mawili yanagongana na safari inaishia hapo. Upolimishaji wa kawaida wa radikali uko hivyo. Minyororo inaanza wakati tofauti, inakimbia, ikikutana miwili inauana, na mwishowe una mirefu na mifupi imechanganyika. Sasa fikiria stage ambapo milango yote imefungwa. Kila gari linafungua mlango kwa sekunde moja, linachukua abiria wawili watatu, linafunga, linalala. Kisha zamu ya lingine. Kwa kuwa magari mengi yamelala wakati wowote ule, ni nadra mawili kugongana, na yote yanajaa kwa mwendo mmoja. Huo ndio upolimishaji wenye udhibiti. Michael Szwarc alionyesha mwaka wa 1956 minyororo ambayo haifi, inakaa tayari kuendelea ukiiletea chakula zaidi. Mwaka wa 1995 Krzysztof Matyjaszewski kule Pittsburgh na Mitsuo Sawamoto kule Kyoto, kila mmoja na kikundi chake, wakaleta njia ya radikali ambayo shaba, au metali nyingine kama ruthenio, ndiyo inafungua na kufunga mlango. Waaustralia wa CSIRO wakatangaza yao mwaka wa 1998, haitumii metali.

Mwaka huo huo wa 1995 Jean Fréchet na wenzake wakaongeza ujanja ambao mimi niliposoma nilisimama katikati ya chumba. Walichukua abiria ambaye pia ni konda. Akipanda gari, amekaa kiti chake kama abiria wengine, lakini yeye mwenyewe anafungua mlango mpya ubavuni, na gari linaanza kuota kutoka pale. Kila abiria wa namna hiyo ni tawi jipya. Ukichanganya wachache na abiria wa kawaida, matawi machache. Ukiweka wengi, mti mnene. Chungu kimoja, siku moja, bila kujenga orofa kwa orofa.

Na kama unataka mfano wa pakiti na mtungi kabisa: Zhibin Guan na wenzake walichapisha mwaka wa 1999 kwamba kichocheo kimoja cha paladiamu, kazi iliyotoka kwa Maurice Brookhart, kinaweza kubadilisha umbo la polietilini kwa kubadilisha presha tu. Kichocheo hicho kinatembea juu ya mnyororo kama konda ndani ya basi. Presha ya etilini ikiwa kubwa, abiria wanaingia haraka, konda hapati nafasi ya kutembea mbali, mnyororo unakaribia kunyooka na vitawi vifupi. Presha ikishuka, anatembea, anarudi katikati, anaanzisha tawi, kisha tawi juu ya tawi. Gesi ile ile. Kichocheo kile kile. Aliyeshika valvu ndiye anaamua kama ni kamba au ni kichaka.

Sasa mtu ataniuliza kichaka kina faida gani. Mti wenye matawi mengi umejikunja pamoja, hausukwi na wenzake kama tambi, kwa hivyo unatiririka vizuri hata ukiwa mkubwa. Na una ncha nyingi. Mnyororo ulionyooka una ncha mbili tu. Kila ncha ni mkono unaoweza kushika kitu, dawa, rangi, chochote.

Hii si kemia ya wazungu. Hapo ndipo nataka kupigana na yule wa komenti. Ulikula nini jana? Ugali. Wanga wa mahindi ya kawaida, karibu robo tatu yake ni amilopektini, ambayo ni glukosi iliyounganishwa kuwa mnyororo wenye matawi, tawi moja kwa kila glukosi 24 hadi 30 hivi. Uliposhiba, ini na misuli yako ikachukua glukosi ikaijenga upya kuwa glikojeni, yenye matawi mengi zaidi, kila glukosi 8 hadi 12. Kwa nini mengi hivyo? Kwa sababu ya ncha. Ukimkimbilia dereva anayeondoka, vimeng'enya vinauma glikojeni kutoka ncha nyingi kwa wakati mmoja, sukari inatoka haraka. Kuna kimeng'enya maalum kazi yake ni kuweka matawi tu. Kuna watoto wanaozaliwa bila hicho kimeng'enya kufanya kazi. Glikojeni yao inakuwa minyororo mirefu yenye matawi machache, na ini linaharibika. Kwa hivyo usiniambie matawi ni mambo ya slaidi. Unayadhibiti wewe mwenyewe sasa hivi ukisoma hii posti, bila digrii.

Nenda Isiolo, Samburu, Marsabit, Turkana. Kuna mgunga unaotoa utomvu unaoitwa gamu arabika. Ni polima ya sukari yenye matawi mengi sana, ndiyo maana unaweza kuyeyusha nyingi kwenye maji na bado isigeuke ute mzito. Hiyo ndiyo inashikilia mafuta ya ladha ndani ya soda yasielee juu. Wachungaji wanaokota, inauzwa kwa kilo ikiwa ghafi, kama mali ya Shosh. Amerika ilipoiwekea Sudan vikwazo, gamu arabika ilisamehewa. Hebu fikiria mti una nguvu kiasi gani mpaka unapenya vikwazo! Na bado mwanafunzi wa kidato cha nne wa Nairobi hajui kama mti huo uko Kenya.

Halafu Kisumu. Hii sikuisoma darasani, niliikuta usiku nikitafuta kitu kingine, bando ikikaribia kuisha. Kampuni ya Australia, Starpharma, ilitengeneza dendrima ya laisini inayoitwa SPL7013, ikaiweka ndani ya jeli iitwayo VivaGel. Wazo lilikuwa zile ncha nyingi zishike virusi kabla havijaingia mwilini mwa mwanamke. Moja ya majaribio ya kwanza ya usalama wake kwa binadamu ilifanywa kwa wanawake wenye afya wa miaka 18 hadi 24, San Francisco na Kisumu. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2011. Sisemi kuna ubaya uliofanyika. Walijitolea, walifuatiliwa, na watafiti Wakenya wako kwenye orodha ya waandishi. Baadaye dendrima hiyo hiyo ikaenda kwenye dawa ya maambukizi ya bakteria ukeni. Ninachosema ni kwamba wasichana wa rika letu waliijua polima yenye matawi mengi kwa miili yao miaka mingi kabla ya mimi kuambiwa haiko kwenye mtihani.

Unaona tulipo? Polietilini na polipropilini hazitengenezwi Kenya hata kilo moja, zinakuja kama punje kwenye magunia, viwanda vya Industrial Area vinaziyeyusha tu. Tuko pale mwisho, tukinunua. Tuko shimoni, tukiokota. Tuko kwenye jaribio, tukipimwa. Tuko chini ya mgunga, tukikinga utomvu. Mahali pekee ambapo hatupo ni kwenye valvu. Na nyinyi mnaweka laiki kwa anayesema hatuna haja nayo.

Kuna kundi lingine nalo lisidhani limepona. Wale wa kusema plastiki yote ni sumu, ipigwe marufuku, tumalize. Marufuku ya majuala ya Agosti 28, 2017 naiunga mkono, na faini yake ya mpaka milioni 4 sijawahi kulia nayo. Nilikuwa mtoto, nakumbuka mtaro wetu kabla na baada. Lakini ilikataza kifuko cha kubebea. Pakiti ya kiwandani ilibaki, mkate na maziwa viliendelea. Kisha vikaja vile vifuko vinavyofanana na kitambaa, mkasema hiyo sasa ni poa. Ni polipropilini, wasee. Plastiki tupu imevaa nguo. Machi 2022 mataifa yalikaa hapa hapa Nairobi, Gigiri, yakakubaliana kuandika mkataba wa plastiki. Yakarudi Gigiri Novemba 2023. Yakaenda Busan 2024, yakashindwa kuelewana. Yakaenda Geneva Agosti 2025, yakashindwa tena. Kutoka Gigiri mpaka kwa Shosh ni safari ya mathree mbili, na sijaona mtu ametoka kule kuja kuuliza anajuaje.

Ninachotaka hakihitaji mkataba wa dunia. Kuna alama ya pembetatu yenye namba, ilianza kutumika mwaka wa 1988. Namba 2 ni polietilini iliyonyooka, namba 4 ni yenye matawi. Kwenye mitungi utaipata chini. Kwenye karatasi laini nilizochambua na Shosh siku zile tatu, nyingi hazikuwa na chochote, na zingine ilikuwa ndogo kama mguu wa sisimizi. Ichapishwe kubwa, kila pakiti, ile nafasi wanayoweka picha ya ng'ombe anayecheka. Macho ya Shosh yanazeeka, na yule kijana wa gunia hana sikio kama lake bado. Mzigo uliotenganishwa una bei yake, na hiyo tofauti ya bei kwa sasa inaenda kwa mtu mwenye lori.

Na vyuo. Mna maabara zinazolala Jumamosi. Fungueni moja. Leteni mtungi, pakiti, ugali, gamu arabika kutoka Isiolo, beseni la maji. Mwalikeni Shosh na mumlipe kama mnavyomlipa mhadhiri mgeni. Wanga tunao, utomvu tunao, na ile njia ya 1995 inafanyika kwenye chupa ya kioo yenye hewa iliyotolewa, haihitaji presha ya 1,900. Si rahisi, sitawadanganya, kemikali zake zinagharimu doo na zingine ni hatari. Lakini si kiwanda cha mafuta.

Najua mtu ataandika hapo chini, "na wewe rudi chuo basi." Nimeulizia. Nina salio la karo la kulipa kwanza, na lile somo la joto na nishati bado linaningoja. Nimelianza upya peke yangu, niko sura ya pili, na sielewi vizuri bado.

Jumamosi hii saa tisa alasiri niko kwa Shosh na simu imefungwa kwenye kijiti. Tutapimana masikio: majuala 20, macho yamefungwa, unakunja, unasema lina matawi au limenyooka. Shosh amesema atatushinda sote na ameshaanza kutucheka. Na wewe wa ile komenti ukuje pia. Beba mtungi, kuna mfereji hapo kando.